Nilienda kozi ya uandishi kutafuta maneno mapya, nimetoka na machache kuliko niliyoingia nayo

#1 MwanaGikomba
Jumapili, saa 3:10 usiku

Wadau, hamjambo. Uzi huu ni mrefu. Kama uko kwa matatu na betri imebaki kidogo, rudi ukifika nyumbani.

Juzi nimemaliza kozi ya uandishi niliyokuwa nikisoma jioni katika chuo kimoja hapa katikati ya mji wa Nairobi. Miezi minne, Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku. Mchana nauza vipuri Grogan (Kirinyaga Road kwa wale wanaofuata ramani), jioni nasugua grisi kwa sabuni ya unga na kukimbia darasani. Kazi ya mwisho tuliambiwa tuandike kurasa mbili kuhusu tulivyobadilika kama waandishi. Niliandika, nikapata alama nzuri. Lakini kuna mambo humwambii mtu aliyeshika kalamu ya kukusahihisha. Nayaleta huku.

Kwanza mjue nilivyoingia. Mimi ni mtoto wa insha. Kiswahili cha KCSE, mtihani wa kidato cha nne, nilipata A ya kutoa. Nilikuwa na daftari la jalada gumu, na kila neno zito nililolisikia kwa mwalimu au redioni nililitia humo. Adinasi. Aushi. Tariki. Fauka ya hayo. Nilijua njia kumi na nne za kusema jua limechomoza, na sikuwa nimewahi kulitazama likichomoza, maana ploti yetu ilikuwa na ukuta wa jirani mbele ya dirisha.

Jioni ya kwanza Mwalimu akatuambia, "Andika safari yako ya leo kutoka ulikokuwa hadi hapa. Maneno mia tatu." Nikatabasamu. Hii si ni nyumbani? Nikaanza hivi, nanukuu bila kubadilisha kitu:

"Jua lilikuwa limeanza kuzama magharibi mithili ya sinia la dhahabu, nami adinasi mchovu nikashika tariki kuelekea kwenye kidimbwi cha elimu, kwani wahenga hawakukosea waliponena kuwa elimu ni bahari."

(Ndiyo, kidimbwi na bahari katika sentensi moja. Hata mimi nimeona, miezi minne baadaye.)

Mwalimu wetu ni mama wa makamo, sauti ya chini, hana kalamu nyekundu. Alipiga mstari wa penseli chini ya "sinia la dhahabu" akaniuliza, "Ulipitia wapi?"

"Nilitoka Grogan, nikapanda na River Road, nikavuka Tom Mboya."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili kasorobo."

"Sasa hilo jua uliliona ukiwa umesimama wapi?"

Anayeijua Tom Mboya saa hiyo anajua kuna nini: migongo ya watu, magari yamepanda hadi kwa lami ya wapita njia, na maghorofa pande zote mbili. Jua halipo. Darasa likacheka. Akaendelea kwa upole ule ule, "Na huyu adinasi mchovu, amechoshwa na nini? Umeniarifu tu kwamba amechoka. Mimi sijamwona."

Nilienda nyumbani na hasira. Hasira ya kweli, ile ya kutojibu salamu. Miaka yote nimeambiwa mimi ndiye mwenye Kiswahili, leo mtu ananiuliza habari za jua.

Kazi hiyo niliirudia mara tano. Mara ya pili nilitoa jua nikaweka mawingu. Msinicheke. Mara ya tatu nikatoa kila kitu kikabaki kitu kama orodha ya bidhaa. Mara ya tano nikaandika:

"Nilifunga duka saa kumi na moja na nusu. Kwenye kona, mama wa mahindi alikuwa anapepea jiko kwa kipande cha boksi la betri ya gari. Betri hiyo nilimwuzia mumewe Jumatatu, na bado ana deni langu."

Mwalimu akaweka tiki ndogo pembeni, akaipitisha karatasi kwa jirani yangu asome. Basi.

Mambo mengine yalikuwa ya ufundi tu, nitayapitia haraka. Mnaoandika mtayatambua.

Nilikuwa mgonjwa wa "kuweza" na "ambapo". Sentensi yangu ya kweli: "Niliweza kufika sokoni ambapo niliweza kukutana na mama ambaye alikuwa anauza nguo." Maneno kumi na mawili. Nikafundishwa kuuliza: kwani kulikuwa na mtu amekuzuia usifike? Ikawa: "Nilifika sokoni nikamkuta mama muuza nguo." Sita.

Na hiyo "-ka-". Wadau, mimi nilikuwa nikiandika "nilifika, niliketi, niliagiza, nilikunywa, nililipa", kama risiti. Ilhali nyanya yangu, ambaye hakuingia darasa hata siku moja, akisimulia kitu husema "nilifika" mara moja tu, halafu "nikaketi, nikaagiza, nikanywa", na hadithi inatembea yenyewe. Kitu hicho nilizaliwa nacho nyumbani. Sijui kilinipotea njiani wapi.

Halafu "mwisho wa siku". Niliandika, "Mwisho wa siku, familia ndiyo muhimu." Mwalimu akauliza, "Mwisho wa siku ni saa ngapi?" Nikasema Grogan ni saa kumi na moja na nusu. Hapo hata yeye alicheka. Ni Kiingereza kilichovaa kanzu, akasema, na ukikivua hakuna mtu ndani.

Sasa kuhusu Mama, ambayo ndiyo sababu ya kuandika haya yote.

Mama yangu anauza mitumba Gikomba tangu nikiwa darasa la pili. Katikati ya kozi tukapewa kazi ya kuandika tukio moja la nyumbani, na sharti lilikuwa umsomee kwa sauti mtu asiyekuwa darasani kabla ya kuileta. Mimi nikachagua moto. Gikomba imeungua mara nyingi, mnajua, lakini mimi nilikuwa nataka ule uliochukua kibanda chetu nikiwa kidato cha kwanza. Jumapili jioni nikamsomea Mama akiwa anapanga soksi mbili mbili:

"Ndimi za moto ziliramba vibanda mithili ya joka lenye njaa..."

Akanikatiza. "Hiyo ni moto ya wapi?"

"Ya Gikomba, Mama. Ile yetu."

"Mimi sikuona joka."

Nikanyamaza. Akapanga soksi kama tatu nne hivi, ndipo akasema, bila mimi kumuuliza: "Nilifika saa kumi na moja asubuhi. Ufunguo nilikuwa nimeushika. Nilikuwa nimeushika tangu kwa gari, sijui nilifikiria nitafungua nini. Kibanda hakuna. Kufuli nikaikuta chini, imefungwa vilevile. Nikaibeba."

"Iko wapi?"

"Si iko kwa droo ya vijiko."

Wadau, hiyo droo nimeifungua asubuhi na jioni kwa miaka kumi na tatu. Hiyo kufuli nyeusi nimeisukuma kando nikitafuta kijiko cha chai. Nilidhani ni takataka ya fundi.

Niliiandika upya usiku huo huo. Nilianza na droo. Moto wenyewe haumo kabisa, isipokuwa kufuli kuwa nyeusi. Nikamsomea Mama tena. Akarekebisha jambo moja tu: mahali niliposema "alipoteza nguo nzuri nzuri" akaniambia, "Sema kamera." Kwa wasiojua soko, belo (furushi la mitumba) likifunguliwa, zile za kwanza kuchaguliwa, safi kama za dukani, ndizo kamera, na ndizo zinazorudisha pesa ya belo. Alikuwa amefungua belo jioni ya kuamkia moto. Kamera zote zilikuwa zimetundikwa, hajauza hata moja. Jambo hilo nalo nililisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Haya. Hiyo ndiyo niliyoandika kwenye kurasa zangu mbili, kwa ufupi. Ambalo sikuandika ni hili: naogopa. Daftari langu la misemo liko chini ya kitanda na silifungui. Juzi nimeandika ukurasa mzima usio na methali hata moja, nikausoma, ukasikika kama ripoti ya polisi. Je, nimekua au nimekauka? Waliopitia mafunzo kama haya, mlifanyaje?

#2 Msee wa 58
Jumapili, saa 3:41 usiku

Buda, "kidimbwi cha elimu" imenimaliza 😂😂 abiria wananiangalia.

Mimi ni makanga, kondakta wa matatu, route ya Buru. Naandikanga vitu kwa simu tukingoja gari ijae, lakini naandika Sheng. Hiyo kozi yako ingenikubali ama ningefukuzwa siku ya kwanza? Na ni ngapi?

#3 Mwalimu wa Zamu
Jumapili, saa 4:25 usiku

Nimesoma yote, hongera kijana. Lakini niruhusu nitetee upande wangu, maana naona mwalimu wa sekondari amegeuzwa kuwa mhalifu wa hadithi hii.

Nafundisha Kiswahili kidato cha tatu na cha nne, Eastlands. Mtahiniwa wa 102/1, karatasi ya insha ya KCSE, ana saa moja na dakika arubaini na tano, insha mbili, alama ishirini kila moja. Anayesahihisha ana rundo la karatasi mbele yake. Ili mtoto aingie kiwango cha A lazima avuke alama kumi na tano, na msamiati na mtindo vinaangaliwa. Hakuna mtu mezani pale atakayemuuliza jua aliliona akiwa amesimama wapi. Kwa hiyo nawapa misemo. Nawapa kama mzazi anavyompa mtoto nauli: si utajiri, ni ya kumfikisha.

Na kumbuka hawa watoto nyumbani wanaongea nini. Darasa langu moja la wanafunzi 58, wanaosema "kitabu yangu" ni 50 na ushei. Tangu mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulete Kiswahili cha lazima kwenye mtihani mwaka 1985, sisi ndio tuliokuwa mlangoni. Ukiniambia niwaambie watazame mama wa mahindi, nitawaambia, lakini watamwandika kwa ngeli gani?

Halafu nikuulize wewe. Kama hukuwa na daftari, ungekuwa na nini cha kutupa?

#4 BintiKisauni
Jumapili, saa 4:52 usiku

Salaam aleikum nyote. Mwalimu wa Zamu, nakuheshimu, lakini niseme la huku pwani.

Nyanya yangu Mombasa sijapata kumsikia akitamka "adinasi". Methali ndiyo, kila saa, lakini hazisemi hivyo mnavyoziandika nyinyi huko bara, kwa tarumbeta, "wahenga walinena". Akiingia mtu na mzigo wa maembe yeye husema "Mgeni njoo..." kisha akanyamaza. Nusu ya pili ni ya aliyeingia. Akiimaliza yeye mwenyewe ni kama amekutukana, kwamba huijui. Nyinyi mnaisema yote, kisha mnaifasiri, kisha mnaeleza kwamba ni methali.

Kwa hiyo MwanaGikomba, kilichokauka pengine si wewe. Hizo methali hukuzipata kwa mtu, ulizipata kwa daftari. Zako wewe ziko wapi? Mamako husemaje biashara ikiwa mbaya?

(Na tusisahau, kamati ya kusanifisha lugha ilipoundwa 1930, kilichowekwa msingi ni Kiunguja. Kimvita chetu kikabaki barazani. Kwa hiyo kila mtu hapa anaandika Kiswahili cha kuazima kidogo, hata mimi.)

#5 MwanaGikomba
Jumatatu, saa 12:20 asubuhi

Mwalimu wa Zamu, umenishika. Sikuwa na nia ya kumlaumu mwalimu wangu wa sekondari. Yeye ndiye aliyenipa hilo daftari, kwa pesa yake, baada ya kuona naandika nyuma ya karatasi za hesabu. Na kweli, ngeli sikufundishwa na Mama. Mama husema "hiyo moto". Nilipoandika maneno yake nilikwama hapo: niandike "moto huo", nimsahihishe mama yangu mbele ya watu, au niache? Nikaacha. Mwalimu wa kozi akasema maneno ya mtu ni mali yake, msimulizi ndiye anayedaiwa sarufi. Hilo pia ni jibu lako Msee wa 58. Wahusika wetu walizungumza Sheng, na mmoja darasani aliandika mazungumzo yote ya vijana wa kijiwe hivyo, tukafurahi. Swali alilokuwa anauliza ni kama msomaji wa Tanga ataelewa kinachoendelea hata kama hajui kila neno. Pesa nitakuambia kwa inbox. Nililipa kwa awamu tatu, ya mwisho nililipa na pesa ya yule mume wa mama wa mahindi, hatimaye.

Dada BintiKisauni, swali lako limenikosesha usingizi. Nimemuuliza Mama asubuhi hii akivaa viatu. Biashara ikiwa mbaya husemaje? Akasema, "Nasema leo nimekunja." Yaani siku nzima hakuuza, alichofanya ni kukunja nguo walizokunjua wateja wasionunua. Wenzake wote pale husema hivyo. "Leo nimekunja." Nimeisikia maisha yangu yote nikidhani ni kuhusu nguo.

Nimeitia daftarini. Lile lile la zamani, ukurasa wa nyuma.

#6 Karani Mstaafu
Jumatatu, saa 3:05 asubuhi

Kijana wangu, shikamoo sipokei mtandaoni lakini nimekusoma.

Mwaka 1974 Mzee Kenyatta alipoagiza Bunge lizungumze Kiswahili, mimi nilikuwa kijana wa masijala hapa mjini. Siku zile wakubwa walihangaika. Mtu anafikiri kwa Kiingereza, sheria ziko kwa Kiingereza, mdomo unatakiwa utoe Kiswahili. Basi kikatoka kimesimama wima kama askari wa gwaride. Hiyo "mwisho wa siku" yako ina babu zake, na mimi niliwapiga taipu.

Taipu yenyewe ilinifundisha ufupi kuliko mwalimu yeyote. Nakala nne na karatasi za kaboni katikati. Ukikosea neno unafuta mara nne, na bosi anaona. Ukijua hivyo hulichezei neno "ambapo".

Nyinyi mna kitufe cha kufuta, ndiyo maana mnaandika sana. Samahani, nimetoka nje ya mada.

#7 Mwalimu wa Zamu
Jumatatu, saa 7:15 mchana

Mzee, hujatoka nje hata kidogo.

MwanaGikomba, leo nimejaribu jambo na kidato cha tatu. Sikuwapa kichwa cha insha. Nimewaambia waandike walichokiona kati ya nyumba na lango la shule, maneno mia moja, na ni marufuku jua. Nusu ya darasa wameandika mawingu.

Lakini msichana mmoja wa nyuma, ambaye hajawahi kuvuka alama nane, ameandika kwamba babake humfungia lango kwa waya badala ya kufuli kwa sababu ufunguo ulienda na mama yake. Ngeli zimeparaganyika zote. Nimesoma mara mbili. Nilipotaka kuweka alama sikujua niweke ngapi, nikairudisha bila alama. Bado sijui.

#8 Msee wa 58
Jumanne, saa 1:30 asubuhi

Sawa basi, na mimi nimejaribu. Nimejikaza na Kiswahili cha shule, msinirarue:

"Saa kumi na moja giza bado iko. Naosha gari kwa ndoo mbili, moja ya sabuni moja ya kumwaga. Dere anakuja na chai kwa chupa ya soda. Abiria wa kwanza ni mama mmoja wa hospitali, hukaa nyuma ya dere, hulala kabla hatujatoka. Gari ikijaa nagonga bodi mara mbili na pete, tunaenda."

Nimeishia hapo.

#9 MwanaGikomba
Jumanne, saa 1:44 asubuhi

Msee! Chai kwa chupa ya soda. Mimi singekumbuka hiyo. Usiguse kitu. "Giza bado iko" iache hivyo hivyo, Mwalimu wa Zamu afumbe macho.

#10 Mwalimu wa Zamu
Jumanne, saa 1:50 asubuhi

Nimefumba. Lile moja tu.

#11 BintiKisauni
Jumanne, saa 2:02 asubuhi

Nzuri mno. Nina swali. Makanga wengi nionao hugonga kwa kiganja au kwa sarafu. Hiyo pete ni ya ndoa?

#12 Msee wa 58
Jumanne, saa 2:09 asubuhi

Zii, sijaoa. Ni ya mzee wangu. Ni ya chuma tu, alitengenezewa na fundi wa Kariobangi juu sarafu zilikuwa zinamtoka mkononi. Yeye pia alikuwa makanga route hii hii. Siku aliacha kazi hakuniambia kitu, aliivua tu akaiweka kwa kikombe changu cha chai, nikanywa hadi nikaiskia kwa meno.

#13 Msee wa 58
Jumanne, saa 2:11 asubuhi

Ngoja. Hii ndio nilikuwa naandika, ama?

#14 BintiKisauni
Jumanne, saa 2:12 asubuhi

Ndiyo hiyo.

#15 Msee wa 58
Jumanne, saa 2:15 asubuhi

Gari imejaa. Narudi saa nne.